Kete Sitini na Nne za Kibiti

Jumatatu, 6 Machi 2000

Mvua ya kwanza ya masika imepiga leo mchana ikaingia mpaka darasani. Kompyuta kubwa nimeihamisha mwenyewe, na mgongo unanidai. Daftari hili nimelinunua kwa sababu Mkuu wa chuo chetu hapa Kibiti, Mwalimu Deusdedit, ameniita ofisini akaniambia jambo ambalo nisipoliandika nitalia.

Ofisi ya Dar inayotufadhili inataka kuchukua kompyuta zetu. Tunayo moja kubwa inayotumia Unix, mfumo unaoruhusu watu wengi kutumia mashine moja, na skrini sita zilizounganishwa nayo kwa nyaya, zote za mtumba, kila skrini na mtu wake. Wenyewe wamesikia zinakaa tu. Na kweli zinakaa. Wanafunzi wetu ni wauguzi, makarani na walimu wa shule za msingi, watu wazima, na kibodi wanaigusa kama vile ni pasi ya moto.

"Mama Theopista wa ofisi hiyo anakuja tarehe thelathini Mei," Mkuu kasema. "Akikuta watu sita wanazitumia pamoja kwa saa nzima, bila mashine kukwama wala kukosea, zinabaki. Asipokuta, gari lake lina nafasi. Zinaondoka siku hiyo hiyo kwenda Morogoro."

"Na mimi je?"

"Wewe utafundisha hesabu, Mwalimu Elinipendo. Hesabu hazihitaji umeme."

Nilitoka nimefura. Nikapita baraza la jikoni, nikakuta kelele: watu kumi na tano wamezunguka bao, na mpishi wetu, Bi Mwanawetu, anamfunga karani wa kata huku akichambua mchele. Hakuna aliyeogopa kitu pale. Ndipo nikawaza: mbona lile bao nisiliingize ndani ya kompyuta? Wawili wacheze, wanne watazame, wapokezane. Tatizo ni kwamba mimi Mpare wa Usangi, bao silijui hata kulishika.

Alhamisi, 9 Machi

Sufiani, fundi wa jenereta, ananifundisha bao. Amenifunga mara kumi na moja na hajacheka hata mara moja, nami nimemheshimu kwa hilo.

Jumatano, 15 Machi

Imewaka! Kete zinatembea kwenye skrini! Nimepiga vigelegele peke yangu darasani mpaka Mkuu akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Niandike nilivyofanya, nisije nikasahau. Kila mtu akiketi kwenye skrini anapata programu yake inayomhudumia yeye tu. Lakini ubao lazima uwe mmoja. Kwa hiyo nimeomba Unix inipe kipande cha kumbukumbu ya pamoja, yaani mahali ndani ya mashine ambapo programu zote sita zinaona kitu kile kile na zote zinaweza kukibadilisha. Ni haraka ajabu. Ubaya wake ni kwamba hakuna bawabu: Unix inakupa uwanja, ugomvi ni wenu wenyewe. Basi nimeweka ufunguo mmoja. Mwenye zamu anachukua ufunguo, anatembeza kete zake, akimaliza anaurudisha. Asiye na ufunguo haandiki ubaoni.

Tunacheza bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, mashimo thelathini na mawili, jumla sitini na nne. Bi Mwanawetu kachungulia mlangoni, kasema hilo ni bao la watoto, kaenda zake kugeuza maharage.

Ijumaa, 17 Machi

Chuo kimefungwa kwa Idd. Pilau kwa Bi Mwanawetu. Nimekula mpaka nikaona haya.

Jumanne, 28 Machi

Siku mbaya iliyoisha vizuri. Saa nne hivi muuguzi mmoja alikuwa katikati ya zamu, akajikwaa kwenye waya wa skrini yake, ukachomoka. Programu yake ikafa. Baada ya hapo hakuna kilichotembea. Skrini tano zimeganda, watu wananitazama mimi. Ufunguo ilikuwa nao ile programu iliyokufa, na nyingine zote zinausubiri kwa adabu, zingeusubiri mpaka kiama.

Nilizima kila kitu nikawasha upya. Nikamwambia Sufiani nimekwama. Yeye kwao Maparoni, huko mitoni. Akafikiri kidogo, huku anafuta mikono dizeli.

"Sisi kule tuna mtumbwi mmoja wa nyumba tano, Mwalimu. Kafi linakaa kwa jirani yetu mmoja, Bi Shufaa. Ukitaka kuvuka unalichukua kwake, ukirudi unalirudisha."

"Na mtu akichukua kafi akafa nalo ndani kwake?"

"Bi Shufaa anakwenda kulichukua. Anatoa pole kwanza, halafu anachukua kafi. Kijiji kitakaaje bila kuvuka kwa sababu ya maiti mmoja?"

Nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Nikafungua kitabu cha Unix. Kumbe Unix yenyewe inaweza kufanya kazi ya Bi Shufaa: wakati wa kuomba ufunguo unaiambia, mimi nikifa uurudishe. Neno moja tu la kuongeza! Tulichomoa waya makusudi mara tano, na mara zote tano mchezo umeendelea. Huyu Sufiani ana akili kuliko wengi niliosoma nao. Nimempa kitabu akasome nyumbani.

Jumanne, 4 Aprili

Leo mchezo umeisha na kete sitini na mbili. Nimetafuta saa mbili nzima, nikakuta kosa ni langu, shimo la mwisho nililihesabu vibaya. Nimelirekebisha. Lakini moyo haukutulia. Mama Theopista akihesabu akakuta pungufu mbele ya wote, tumekwisha.

Kwa hiyo nimemtengeneza Mkaguzi. Ni programu ndogo isiyocheza. Zamu ikianza, kila zikipita sekunde kumi inaamka, inahesabu kete zote ubaoni, na zikipungua inajazia upande wa mwenye zamu. Ufunguo sikumpa, nikasema mkaguzi hapangi foleni. Nimefunga darasa nikiwa mwepesi kabisa, nimeimba njia nzima mpaka nyumbani.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Barabara ya Dar imekatika, na dizeli inapimwa kwa kopo.

Jumanne, 18 Aprili

Sufiani ameshinda michezo sita kati ya sita. Sawa, ni bingwa. Lakini mchezo wa mwisho nilihesabu kwa kidole: ubaoni kulikuwa na kete sabini na moja. Saba za ziada, zote upande wake.

Nimerudia na wanafunzi wengine. Sitini na nne, sitini na nne, sitini na nne. Akikaa Sufiani, sitini na nane.

Sipendi ninachokiwaza. Lakini nani mwingine anaujua ufunguo unavyofanya kazi? Nani aliyepewa kitabu? Nilimpa mwenyewe.

Alhamisi, 20 Aprili

Nimefanya. Sijui kama ilikuwa vizuri kufanyia pale, lakini nilikuwa nimewaka.

Saa saba jenereta lilipozimwa nilimkuta barazani jikoni, watu wamejaa wanangoja chakula. Nikamwuliza, "Sufiani, zile kete saba umezitoa wapi?"

"Mashine imenipa," kajibu. "Nilidhani ndivyo ulivyoitengeneza."

"Mashine haimpi mtu kitu asichokiandika."

Sufiani akaweka sahani chini.

"Mwalimu, unaniita mwizi mbele za watu?"

"Nauliza tu."

"Huulizi, Mwalimu. Umekwisha jibu."

Akatoa funguo za jenereta mfukoni, akaziweka kwenye kinu kilichopinduliwa, akaondoka kwenye mvua bila kukimbia. Bi Mwanawetu hakunitazama. Alinipakulia ugali mdogo kuliko siku zote.

Mkuu nimemweleza. Kasema Sufiani akae kwanza nyumbani kwa dada yake, Johari, mpaka mgeni aje aondoke, mambo yasiharibike zaidi.

Jumapili, 23 Aprili

Pasaka. Mahubiri sikuyasikia. Najiambia nimelinda kompyuta za watu.

Jumatano, 3 Mei

Jenereta limegoma. Nimelivuta kamba mpaka kiganja kimechubuka. Karani wa kata kapita kasema, "Kumbe kuna kazi inayotaka mwenyewe." Nilitamani kumrushia spana.

Jumanne, 9 Mei

Ee Mungu, leo nimefumbuliwa macho.

Bi Mwanawetu kaja darasani leo asubuhi, kanga mbili, mikono inanuka kitunguu. Hajawahi kuingia humu.

"Nataka kucheza," kasema.

"Si ulisema bao la watoto, Bi Mwanawetu?"

"Ndiyo. Sasa nataka kuona hao watoto wanaibaje."

Nilimwonyesha vibonyezo, akaketi na muuguzi mmoja. Nilitegemea atashindwa na mashine. Wapi! Baada ya mikono mitatu, yaani kutembeza kete mara tatu, alikuwa anacheza kama yuko barazani kwake, mdomo haupumziki. Ila mikono yake ni mirefu. Wanafunzi wangu wanatembeza kete tatu nne wanakomea shimo tupu. Yeye anajua pa kuanzia: kete yake ya mwisho inaangukia kwenye shimo lenye kete, anazoa zote, anaendelea, anazunguka ubao mara mbili. Na mimi nimeweka kila kete ipumzike kidogo kabla ya inayofuata ili macho ya watu wazima yaifuate. Mkono wake mmoja ulichukua karibu sekunde ishirini.

Ghafla akaacha kubonyeza.

"Mwalimu, hizi si zangu."

"Zipi?"

"Hizi tano hapa kwenye nyumba yangu. Mimi nilikuwa na kete mkononi natembeza, huyu mtu wako kaja kanitilia nyingine nyuma. Mimi sili cha mtu. Toa."

Nilihesabu. Sitini na tisa. Nikahesabu tena, maana Bi Mwanawetu hajui hata kuandika jina lake kwenye kompyuta.

"Nani anayehesabu humu?" kaniuliza.

"Mkaguzi."

"Anahesabu saa ngapi?"

"Kila sekunde kumi."

"Hata mtu akiwa na kete mkononi?"

Aligeuka na kiti chake kizima akanitazama.

"Mwanangu, nani kakufundisha? Pale barazani kwangu mkono ukiwa na kete hakuna anayehesabu. Mtoto wa miaka sita anajua. Ukihesabu ubao wakati mkono umejaa utaona pungufu siku zote, utagombana na ndugu zako bure. Unangoja aliyeshika akomee. Ndipo unahesabu."

Niliketi sakafuni, kweli, chini kabisa, pembeni ya nyaya. Yote niliyaona kwa pamoja. Mkaguzi anaamka mchezaji yuko katikati ya mkono. Kete tano ziko njiani, hazimo kwenye shimo lolote. Anaona hamsini na tisa, anasema zimeibwa, anajazia tano. Mchezaji anamaliza, anaziweka chini zile alizoshika, zinakuwa sitini na tisa. Na kwa sababu nilimwambia ajazie tu, asipunguze, maana sikuwahi kuwaza kete zinaweza kuzaliana, ziada inabaki palepale. Mwenye mikono mifupi anakomea kabla Mkaguzi hajaamka. Mwenye mikono mirefu, yaani anayejua bao, anapewa zawadi na kuitwa mwizi.

Nilidhani hatari ni kwa anayeandika tu. Kumbe hata anayesoma, akisoma katikati ya kazi ya mwenzake, anaondoka na uongo. Na wangu hakusoma tu, aliuandika ule uongo ubaoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Mwanawetu kasema, akainuka kwenda jikoni. Mlangoni kaongeza, "Yule kijana wa watu bado yuko kwa Johari. Hajasafiri."

Jumatano, 10 Mei

Nimebomoa na kujenga upya. Sasa kuna mbao mbili ndani ya ile kumbukumbu ya pamoja, na namba moja ndogo inayosema upi ndio wa kweli. Mwenye zamu anatembeza kete zake zote kwenye ubao wa pembeni, taratibu kadiri anavyotaka. Akikomea, anachukua ufunguo, anageuza ile namba, anaurudisha. Kufumba na kufumbua. Watazamaji wanangoja kidogo, wanauona mkono ukiwa umekamilika. Mkaguzi naye sasa anapanga foleni ya ufunguo kama kila mtu, na nimemnyang'anya ruhusa ya kugusa kete. Akiona hesabu mbaya anapiga kengele tu.

Bi Mwanawetu amezungusha mikono yake mirefu saa nzima. Sitini na nne kila mara. Nimemkumbatia, kanisukuma, kasema namchafua unga.

Nimefurahi, lakini bado nina deni. Kesho nakwenda kwa Johari.

Alhamisi, 11 Mei

Hodi nilipiga mara mbili. Johari, dada yake Sufiani, alinikaribisha kwa adabu kavu, akanipa kigoda na chai. Sufiani alikuwa uani anasuka mkeka na shemeji yake. Kile kitabu kilikuwa kando yake, kimefungwa kwa karatasi ya gazeti kisichafuke. Nilimwambia yote, tangu Mkaguzi mpaka kete tano za Bi Mwanawetu. Nikasema, "Nimekukosea, Sufiani. Nisamehe. Kosa lilikuwa langu na nikalivisha jina lako."

Akaacha kusuka.

"Nimekusikia, Mwalimu. Lakini hapa tuko watu wanne. Siku ile walikuwa kumi na tano."

Hasira ilinipanda, kwa sababu alikuwa na haki. Nikasema, "Kesho saa saba, barazani."

"Nitakuja," kasema. Johari akaniongeza chai, na safari hii akatia sukari.

Ijumaa, 12 Mei

Nimesema. Nilisimama kwenye baraza la jikoni, watu wengi kuliko siku ile maana habari zilikwisha tembea. Nikasema kwa sauti kwamba Sufiani hakuiba hata kete moja, mwizi alikuwa programu niliyoitengeneza mwenyewe na kujisifia. Karani wa kata kauliza, "Kwa hiyo zile mechi sita alizotufunga?" Nikamjibu huenda angewafunga hata bila zile za ziada. Watu wakacheka. Sufiani akanipa mkono. Akala, kisha akaenda kulikagua jenereta, akatoka amekasirika kweli: "Nani amevuta kamba hii kama anavuta mbuzi?"

Nimelia kidogo nyumbani. Mzigo umeshuka.

Jumatatu, 22 Mei

Mvua zinapungua. Majaribio ya saa tatu, hakuna kilichokwama.

Jumanne, 30 Mei

Mama Theopista amefika saa nne na gari tupu lenye turubai nyuma. Turubai lile nililiona kabla ya kumwona yeye. Ni mwanamke mfupi, hana maneno mengi, hataki soda. Alivuta kiti nyuma ya wachezaji, akavua saa akaiweka mezani.

Dakika arobaini zilipita vizuri. Wauguzi wamecheza, makarani wamecheza. Kisha wakaketi Sufiani na Bi Mwanawetu, na mama akasogeza kiti karibu.

Sufiani alianza mkono mrefu. Kete zikawa zinatembea, anazoa, anaendelea. Katikati, kete kumi na mbili zikiwa bado mkononi mwake, Mama Theopista akainama akashika waya wa skrini yake.

"Na huku kwenu mambo yakikatika?" kasema. Akauchomoa.

Skrini ya Sufiani ikafa. Mkuu akafumba macho. Mimi nilikuwa najua mambo matatu kwa akili: ufunguo hakuwa nao, kete zake zilikuwa kwenye ubao wa pembeni, na ubao wa kweli haujaguswa. Kwa akili nilijua. Hata hivyo nikashika dirisha.

Kwenye skrini ya Bi Mwanawetu likatokea neno: mwenzako ameondoka, mkono wake haukuhesabiwa. Ubao ulikuwa vilevile kama kabla ya Sufiani kuanza. Mama Theopista akasema, "Hesabu," wala hakuniambia mimi, alimwambia Bi Mwanawetu. Naye akahesabu kwa kidole, shimo kwa shimo, kwa sauti, bila haraka hata kidogo. Hamsini. Hamsini na nane. Sitini na moja.

"Sitini na nne," kasema. "Zote zipo."

Mama akarudisha waya kwa mkono wake. Sufiani akaingia tena, akaanza mkono wake upya, na alipokomea ilikuwa sitini na nne. Saa ikatimia. Mama Theopista akavaa saa yake, akamwambia dereva akunje turubai, kompyuta zinabaki. Mkuu alinishika mkono akasahau kuuachia.

"Ila wewe una likizo mwezi ujao," mama kaniambia. "Ukiwa Usangi, nani atazishika?"

"Sufiani," nikasema, kabla hajamaliza.

Akamgeukia. "Utaweza?"

"Nitaweza, mama," Sufiani kasema, akafuta mikono kwenye suruali. "Ila kwa sharti moja, na naliomba mbele ya watu hawa wote. Hesabu ikikosea tena, Mwalimu ajikague kwanza yeye."

Darasa zima liliangua kicheko, Mkuu naye, mpaka dereva mlangoni. Nikasema sharti nimelikubali, wote ni mashahidi.